Kiserbia na Kigalisia: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Dhana: Galisia iko upande wa Ukraine, kwa hiyo Kigalisia na Kiserbia ni ndugu wa Kislavi

Jina ndilo linalopotosha, kwa sababu Galisia ni mbili. Moja ni eneo la kihistoria la Ulaya Mashariki, ambalo leo limegawanyika kati ya Ukraine na Poland. Jina lake latokana na mji wa Halych. Nyingine iko kaskazini-magharibi mwa Hispania, juu ya Ureno, ina watu wapatao milioni 2.7, na makao yake makuu ni Santiago de Compostela. Kigalisia ni lugha ya Galisia hii ya pili, nayo imezaliwa na Kilatini. Kiserbia ni Kislavi cha kusini. Undugu upo, ila ni wa mbali: zote mbili zimo katika familia kubwa ya Kihindi-Kiulaya. Ndiyo maana usiku ni *noć* kwa Kiserbia na *noite* kwa Kigalisia.

Kosa hili huingia hata kwenye kazi za kompyuta. Kila lugha ina msimbo, yaani kifupisho kinachoitambulisha kwenye kompyuta. Msimbo wa Kigalisia ni gl. Ga ni Kiayalandi na gd ni Kigaeli cha Uskoti. Msimbo wa Kiserbia ni sr, tofauti na hsb na dsb, ambazo ni za Kisorbi, lugha ya Kislavi inayosemwa Ujerumani. Herufi moja ikikosewa, hati inakwenda kwa mtafsiri wa lugha nyingine kabisa.

Dhana: Kigalisia ni Kihispania cha mashambani

Hii ndiyo dhana inayoumiza zaidi, maana imewafanya wazazi wengi waache kuwasemesha watoto wao lugha ya nyumbani. Tazama sauti zenyewe. Mwezi wa angani ni *luna* kwa Kihispania, *lúa* kwa Kigalisia. Maziwa ni *leche*, *leite*. Mlango ni *puerta*, *porta*. Ufunguo ni *llave*, *chave*. Kigalisia kilidondosha n iliyokuwa kati ya irabu katika Kilatini, na hakikugeuza o kuwa ue kama Kihispania. Hakuna aliyekiharibu Kihispania hapo: ni njia mbili tofauti zilizoanzia Kilatini.

Katika Enzi za Kati Kigalisia na Kireno zilikuwa lugha moja, yenye heshima kiasi kwamba mfalme Alfonso wa 10 wa Castile alitunga mashairi kwa lugha hiyo. Baadaye ikasukumwa pembeni kwa karne nyingi, hadi mshairi Rosalía de Castro alipochapisha kitabu cha mashairi, *Cantares gallegos*, mwaka 1863. Chuo cha lugha ya Kigalisia, Real Academia Galega, kilianzishwa mwaka 1906, na tangu 1981 Kigalisia ni lugha rasmi Galisia pamoja na Kihispania. Waswahili tuna alama ya ukoo huu vinywani: *meza* na *bendera* tulizipata kwa Wareno, na Mgalisia naye husema *mesa* na *bandeira*.

Dhana ya pili yake: basi ni Kireno tu

Hapana. Kigalisia hakina irabu za puani za Kireno: ndugu wa kiume ni *irmán*, si *irmão*. Tahajia nayo ina mitego. Herufi x kwa kawaida husomwa sh, kwa hiyo *xente* (watu) ni "shente". Na *nh*, ambayo kwa Mreno ni ny, kwa Mgalisia ni ng' ya ng'ombe: *unha* (moja, ya jinsia ya kike) hutamkwa "ung'a". Wapo Wagalisia wanaotaka tahajia isogezwe karibu na Kireno, na mjadala huo ni wa kweli na mzito, lakini tahajia rasmi ya 1982, iliyorekebishwa 2003, haikufuata njia hiyo.

Dhana: Kiserbia huandikwa kama Kirusi

Kiserbia kina maandishi mawili, ya Kikirili na ya Kilatini, kila moja herufi 30, na msomaji wa kawaida husoma yote bila kusita. Katiba ya 2006 inataja Kikirili kuwa rasmi. Mitaani na kwenye simu Kilatini kimejaa. Tena Kikirili hiki si cha Kirusi: kina ђ, ћ, љ, њ, џ na ј ambazo Mrusi hana, na hakina я, ы wala ь. Ni matunda ya kazi ya mwanalugha Mserbia Vuk Karadžić, aliyetoa kamusi yake mwaka 1818 kwa kanuni ya kuandika kama unavyosema.

Hapa ndipo programu hukosea. Kutoka Kikirili kwenda Kilatini hakuna tatizo. Kurudi ndiko kwenye hatari, kwa kuwa nj, lj na dž huhesabiwa herufi moja moja. Programu hugeuza kila nj kuwa њ, na *injekcija* (sindano), ambamo n na j ni herufi mbili, ikawa ињекција badala ya инјекција. *Nadživeti* (kuishi kuliko mwingine) nayo huharibika hivyo hivyo: iwe надживети, si наџивети. Maneno ya namna hii hukaguliwa kwa jicho. Pia usiandike Kilatini bila alama: *kuća* ni nyumba, *kuca* ni anabisha hodi.

Dhana: Kiserbia na Kikroatia hazielewani

Zinaelewana vizuri sana. Mkate ni *hleb* upande mmoja na *kruh* upande mwingine, lakini mazungumzo hayakwami.

Dhana: maneno yakifanana, sarufi inafanana

Chukua neno *na*. Mserbia husema *na stolu*, Mgalisia *na mesa*, na wote wamesema "mezani". Unaweza kuapa ni neno lilelile. Kumbe *na* ya Kiserbia ni kihusishi kimoja kisichobadilika. Kinachobadilika ni nomino. Meza ni *sto*, kilicho juu yake kiko *na stolu*, lakini ukiweka kitu juu ya meza unakiweka *na sto*. Hali za nomino za namna hiyo ni saba. *Na* ya Kigalisia ni maneno mawili yaliyoungana, *en* na *a*, na hufuata jinsia: kitabu ni cha kiume, hivyo ni *no libro*. Nomino yenyewe haiguswi.

Dhana: kwa Mswahili ugumu ni uleule

Zote mbili huficha mtendaji ndani ya kitenzi kama sisi: *čitam* na *leo* ni "ninasoma". Kiserbia hakina vitu kama *o* na *a* za Kigalisia mbele ya nomino, jambo linalotupunguzia mzigo. Mzigo uko kwenye vitenzi: *čitao sam knjigu* ni nilikuwa nikisoma kitabu, *pročitao sam knjigu* ni nimekisoma nikakimaliza, na kila kitenzi unajifunza pamoja na mwenzake. Kigalisia hapo ni chepesi, *comín* ni nilikula na nimekula pia. Kinachosumbua ni viwakilishi: *chámome Marta* (naitwa Marta), lakini ukikanusha, *me* inaruka mbele, *non me chamo Marta*. Wanafunzi wengi husahau mruko huo.

Msamiati nao una zawadi kwa anayeanza Kiserbia. Kiarabu kilifika Balkani, eneo la Ulaya iliko Serbia, kupitia Kituruki, na pwani yetu kwa njia ya bahari: duka ni *dućan*, saa ni *sat*, sabuni ni *sapun*.