Michelangelo hakulala chali: dhana potofu kuhusu Renesansi ya Italia

Renesansi ya Italia, yaani kipindi cha mwamko wa sanaa na elimu kuanzia takriban mwaka 1400 hadi 1550, husimuliwa kana kwamba watu wachache wenye vipaji walizuka ghafla wakaubadilisha ulimwengu. Ukizipitia hati za mikataba na daftari za malipo, au ukiikagua lipu yenyewe, unakutana na mambo mengine: karakana, madeni, chokaa, na mafundi wengi ambao majina yao hayakuandikwa popote.

"Michelangelo alichora dari ya Sistina amelala chali, tena peke yake"

Alisimama. Katika kanisa dogo la Sistina, huko Vatikani, jukwaa lake lilishikizwa kwenye kuta, juu ya madirisha, na mafundi walifanya kazi wima huku wamenyoosha mikono. Ushahidi ameuacha mwenyewe: shairi la kulalamikia kazi hiyo, lenye kichoro pembeni cha mtu aliyesimama, shingo ameipindua nyuma, mkono umefika darini. Katika shairi anasema rangi inamdondokea usoni.

Wala hakuwa peke yake. Alipoanza mwaka 1508 aliita wachoraji kutoka Firenze, akiwemo rafiki yake Francesco Granacci. Hata baadaye, alipowapunguza, walihitajika watu wa kusaga rangi na kupiga lipu. Fresko, yaani picha inayopakwa juu ya lipu mbichi ya chokaa, haimvumilii mtu mmoja, kwa sababu chokaa haingoji.

Ukutani hupigwa kwanza lipu nzito yenye mchanga wa chenga kubwa, ikaachwa ikauke. Juu yake, asubuhi, hupigwa lipu nyembamba na laini, lakini kwa eneo lile tu litakalomalizika siku hiyo. Mchoro uliokwisha kuchorwa kwenye karatasi kwa ukubwa kamili hutobolewa vitundu kwenye mistari, ukabandikwa juu ya lipu mbichi na kugongwagongwa kwa kifuko cha vumbi la mkaa. Karatasi ikiondolewa, nukta zinabaki. Kisha hupakwa rangi iliyochanganywa na maji matupu. Chokaa inapokauka hunyonya kaboni dioksaidi kutoka hewani na kurudi kuwa jiwe, na rangi hunaswa humo humo. Ukiwahi mno, brashi inaivuruga lipu. Ukichelewa, rangi inakaa juu juu na baadaye hupukutika kama unga. Sehemu ambayo haikupakwa mpaka jioni hukatwa ikatupwa, na kesho huanzwa upya. Mishono ya siku hizo bado inaonekana kwa anayejua kutazama: picha ya Kuumbwa kwa Adamu ilichukua takriban siku 16 za kazi.

Hata yeye aliharibu. Picha ya Gharika, miongoni mwa za mwanzo, iliota ukungu kwa sababu lipu ilikuwa na maji mengi mno. Msanifu Giuliano da Sangallo ndiye aliyemwonyesha dawa yake. Waliozoea kupiga chokaa Lamu au Mji Mkongwe hawatashangaa.

"Karamu ya Mwisho ya Leonardo ni fresko"

Siyo, na ndiyo maana imechakaa hivyo. Leonardo alipenda kurudia, kungoja na kusahihisha, jambo ambalo fresko hailiruhusu. Kwa hiyo kati ya takriban 1495 na 1498, katika ukumbi wa kulia wa watawa huko Milano, alipaka rangi juu ya ukuta mkavu. Rangi haikunaswa na chokaa, na unyevu wa ukuta ukaanza kuibandua Leonardo mwenyewe angali hai. Mwaka 1652 watawa wakatoboa mlango katikati ya picha, miguu ya Yesu ikaenda na tofali. Ukarabati wa mwisho mkubwa ulianza mwaka 1978, ukaisha 1999.

"Brunelleschi aliiga kuba ya Pantheon ya Roma"

Kuba ya Pantheon, hekalu la kale la Roma, ni zege, ni duara, na ilimwagwa juu ya kiunzi cha mbao. Kuba ya kanisa kuu la Firenze, aliyoijenga msanifu Filippo Brunelleschi, ni ya tofali, ina pembe nane na imechongoka kwenda juu. Zaidi ya hayo, umbo hilo halikuwa lake: lilipitishwa mwaka 1367, miaka kumi kabla hajazaliwa. Aliloachiwa ni swali ambalo waliomtangulia walilikwepa: kuba yenye upana wa mita 45 hivi, inayoanzia zaidi ya mita 50 kutoka ardhini, itasimamaje wakati wa kujengwa? Kiunzi cha mbao cha ukubwa huo kilikuwa ndoto.

Alianza mwaka 1420 bila kiunzi. Alijenga kuba mbili, moja ndani ya nyingine, zilizounganishwa kwa mbavu 24. Tofali za kulala zilikatizwa kila baada ya hatua na tofali za kusimama, mpangilio ukipanda kwa mshazari kama miiba ya samaki. Tofali iliyowekwa kwenye mteremko huteleza kabla chokaa haijashika. Zile zilizosimama ziliizuia, kila mzunguko ukajifunga kabla ya unaofuata kuanza. Vifaa vilipandishwa kwa mashine ya ng'ombe yenye gia ya kugeuza mwendo, hivyo mzigo ulishuka bila ng'ombe kufunguliwa na kugeuzwa. Hilo ndilo la kuvutia kuliko yote, ingawa watalii hawalioni.

Kuba ilifungwa mwaka 1436. Haikosi kasoro: minyororo ya mawe na mbao iliyofichwa ndani haikutosha kuzuia kuta zisitanuke, na leo kuna nyufa zinazopimwa kwa vifaa maalumu.

"Msanii alichora alichojisikia"

Alichora alicholipwa. Mkataba wa mchoraji Domenico Ghirlandaio wa mwaka 1485, na hospitali ya watoto waliotupwa huko Firenze, unadai picha ikamilike ndani ya miezi 30 kwa florini 115 (sarafu za dhahabu za Firenze), rangi na dhahabu ziwe kwa gharama yake, na buluu iwe ya thamani ya florini nne kwa wakia. Buluu hiyo ilisagwa kutokana na jiwe lililochimbwa Badakhshan, Afghanistan. Mteja alitaja bei kwa sababu palikuwa na buluu za rahisi, na mchoraji angeweza kumpiga changa la macho.

"Wasomi wa Kigiriki waliokimbia Konstantinopoli mwaka 1453 ndio walioleta Renesansi"

Wasomi hao, waliokimbia mji ulipotekwa na Waturuki, walikuta mambo yameshapamba moto. Msomi Mgiriki Manuel Chrysoloras alikwisha kuanza kufundisha Kigiriki Firenze mwaka 1397. Wala Wagiriki hawakuwa chanzo pekee: nadharia za kuona ambazo wasanii walizijadili zilitegemea sana kazi ya Ibn al-Haytham, mwanasayansi wa ulimwengu wa Kiislamu, ambayo mchongaji Lorenzo Ghiberti aliinukuu kwa urefu.

"Waandishi wa Renesansi waliachana na Kilatini"

Mshairi Petrarca, anayetajwa daima kama baba wa harakati hizo, alivishwa taji la ushairi Roma mwaka 1341, na heshima hiyo aliidai kwa Kilatini. Matumaini yake aliyaweka kwenye utenzi mrefu wa Kilatini uitwao *Africa*, kuhusu vita vya Roma na Karthago, ambao hakuumaliza. Mashairi yake 366 ya Kiitalia aliyapa jina la Kilatini lenye maana ya vipande vya mambo ya lugha ya kawaida. Hivyo vipande ndivyo vilivyoigwa Ulaya nzima. Utenzi wenyewe husomwa na wataalamu.