"Mwalimu, mpe tu kanuni"

Hiyo ndiyo sentensi inayonichosha kuliko zote hapa Ngamiani. Mzazi anamleta mtoto wa darasa la sita ajiandae na mashindano ya hisabati, na kabla mtoto hajaketi, ananiulizia kanuni.

Haya, tuijaribu kanuni. Kuku na mbuzi wana vichwa 20 na miguu 56. Mbuzi ni wangapi? Aliyekaririshwa anagawa miguu kwa 2, anapata 28, anatoa vichwa 20: mbuzi 8. Sahihi, na mzazi anatabasamu. Sasa nambadilishia, maana tuko Tanga: baiskeli na bajaji ziko 20, magurudumu 47. Bajaji ngapi? Mtoto yuleyule anagawa 47 kwa 2, anatoa 20, ananiandikia bajaji 3.5, tena anapigia jibu mstari kwa rula! Kanuni ilikubali kwa mbuzi kwa sababu miguu yake ni mara mbili ya kuku, na hilo hakuna aliyemwambia.

Asiyekariri huanza hivi: tuseme zote ni baiskeli. Magurudumu yangekuwa 40. Yaliyopo 47 yamezidi hayo kwa 7, na kila bajaji inaizidi baiskeli gurudumu 1. Basi bajaji 7, baiskeli 13. Fikra hiyohiyo inamaliza swali la mbuzi, na la sarafu za 50 na 200 pia.

Wazazi wana misemo mingine pia. "Mwenye akili hujibu haraka." Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, iliyoanza Rumania mwaka 1959, huwapa vijana wa sekondari saa 4 na nusu kwa maswali 3. Wa haraka muulize uzio ulionyooka wa mita 100, wenye nguzo kila baada ya mita 10 na nguzo kila mwisho, una nguzo ngapi. Atasema 10. Ni 11.

"Wasichana hawaziwezi hesabu." Maryam Mirzakhani wa Iran alipata alama zote 42 kwenye Olimpiadi ya 1995. Tuendelee.

"Kujaribu namba ni kubahatisha." Siyo, mradi uandike. Mtoto akianza na bajaji 10 anapata magurudumu 50. Yamezidi 3, basi apunguze bajaji 3. Ndiyo maana ufutio hauingii kwenye kipindi changu: akishafuta ile 10, anaanza upya kila mara. Akosee, akate mstari mmoja, aendelee chini yake.