Kodi ya miezi sita ndiyo benki ya mwenye nyumba

Mama mmoja mwenye nyumba pale Tandale alinikabidhi daftari lake la kodi ili nimpigie hesabu ya vyumba vitatu anavyotaka kuongeza uani. Upande wa kushoto wa kila ukurasa kaandika chumba na miezi: cha mbele kulia, Januari hadi Juni. Upande wa kulia, nilipotegemea kukuta saini ya mpangaji, kaandika vifaa: saruji mifuko 12, kokoto tripu moja, nondo, mlango wa choo. Nikamuuliza, "Mama, na hivi ni vya nini?" Akasema, "Mwanangu, hizo ndizo kodi zao. Huyu wa mbele ndiye aliyemwaga jamvi, zege la sakafu."

Mimi ni mkadiriaji majenzi. Siku ile nilielewa jambo ambalo nilikuwa nikilipita kila siku: vyumba vya bei nafuu Dar es Salaam vinajengwa kwa fedha za wapangaji wenyewe. Kodi ya mkupuo, ile ya miezi kadhaa kwa mara moja tunayoilalamikia, ndiyo mkopo wa ujenzi, tena mkopo usio na riba, na anayeutoa ni mtu mwenye kipato kidogo kuliko wote katika nyumba ile.

Tuchukue chumba cha shilingi 60,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita, yaani 360,000. Dalali naye anachukua kodi ya mwezi mmoja. Mpangaji anatoa 420,000 kabla hajaingiza hata godoro. Dada anayeuza vitumbua asubuhi anaweza kabisa kulipa 60,000 kila mwezi, kwa kuwa fedha yake inaingia kidogokidogo kila siku. Kinachomshinda ni ule mkupuo. Basi anakopa kwa riba ya mtaani, au anarudi kubanana kwa ndugu. Ukisema chumba kile ni nafuu, utakuwa umeangalia bei ya mwezi tu.

Kwa nini basi mama asikope benki? Nilimfanyia hesabu hiyo. Chukua nyumba ya vyumba sita inayogharimu shilingi milioni 24. Kodi yake yote, vikijaa, ni 360,000 kwa mwezi. Mkopo wa miaka 10 kwa riba ya asilimia 16 unadai marejesho ya takriban 402,000 kila mwezi. Vyumba vimejaa, hakuna bati linalovuja, kodi ya zuio ya asilimia 10, ile ya serikali kwenye pango, haijakatwa, na tayari kuna upungufu wa 42,000. Ili nyumba ijilipe, pamoja na kodi hiyo ya serikali, matengenezo na miezi ya vyumba vitupu, chumba kile lazima kipande hadi 80,000 na ushee, na yule dada wa vitumbua hayumo tena katika hesabu. Sasa shusha riba iwe asilimia 9 na urefushe muda uwe miaka 15: marejesho yanashuka hadi kama 243,000. Zinabaki 117,000 za kodi ya serikali, matengenezo na miezi ambayo chumba kinakaa kitupu. Matofali ni yaleyale na fundi ni yuleyule. Ndiyo maana huwa nasononeka tunapokaa semina nzima kujadili tofali za gharama nafuu, ilhali bei ya fedha inaachwa bila kuguswa.

Liko na la ardhi. Wengi Tandale na Manzese wana leseni ya makazi, ambayo muda wake hauzidi miaka 5, kisha inahuishwa. Huwezi kuiweka dhamana ya mkopo wa miaka 15 na ukategemea benki ikuelewe. Urasimishaji unaompatia mtu hati kamili ni sehemu ya ujenzi wa nyumba nafuu sawasawa na msingi, ingawa haumo katika makadirio yoyote niliyowahi kuandaa.

Kuna wanaotaka sheria ipige marufuku kodi ya mkupuo. Tulikuwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi ya Pango ya mwaka 1984, ikafutwa mwaka 2005. Uchungu wa wapangaji naujua, nimepanga miaka mingi. Lakini ukikata mkupuo leo bila kumpa mama yule chanzo kingine cha fedha, vyumba vitatu vya uani havitajengwa. Na jiji lina watu milioni 5.38 kwa sensa ya 2022. Magomeni Kota, mradi mzuri wa nyumba wa serikali uliozinduliwa mwaka huohuo, ulilenga kaya 644. Wengi waliobaki wanalala kwa akina mama kama huyu, na mipango yetu haimtaji.

Kwenye ramani yake nilikubali kubana vitu vingi: ghorofa tuliacha, maana nguzo na nondo zingemeza kila kitu, kuta za vyumba tulizishirikisha, dari itasubiri. Choo sikukubali. Pale maji ya ardhini yapo juu, shimo linajaa upesi, na mvua kubwa ikinyesha watu wanatapisha vyoo mitaroni, uchafu unapita milangoni mwa majirani. Saa kumi na moja alfajiri niliwahi kuhesabu watu tisa wakiwa na ndoo mbele ya choo kimoja, mmoja wao ni mtoto mwenye sare ya shule tayari mwilini. Kwa hiyo tuliweka vyoo viwili, shimo lililojengewa na kuachiwa njia ya gari la majitaka kulifikia, na submita, yaani mita ndogo ya umeme, kwa kila chumba. Hiyo submita ni kitu kidogo, lakini ugomvi wa Luku ya kuchangia, nani ana friji na nani anapiga pasi, unahamisha wapangaji kuliko kodi yenyewe.

Mkopo aliupata kwenye kikoba chao, unatosha chumba kimoja na vyoo. Chumba hicho tumekubaliana kitalipiwa kila baada ya miezi miwili. Viwili vingine vimefika kwenye renta, ule ukanda wa zege juu ya milango na madirisha, na kwenye daftari, upande wa kulia, mistari miwili ya mabati bado haijajazwa.