Dharuba ya upepo ni nini kwa ndege ndogo inayotua?

Taarifa za ndege ndogo iliyoacha njia ya kurukia wakati wa kutua mara nyingi huishia kwenye maneno "ilizidiwa na upepo mkali", maelezo ambayo kwangu ni pungufu, kwa kuwa upepo mkali unaovuma kwa nguvu ileile rubani huweza kuumudu. Kinachomponza zaidi ni dharuba, yaani upepo unaoongezeka ghafla kwa sekunde chache kisha ukapungua. Aliyewahi kusimama Makambako mwezi wa Agosti, kusi ikivuma, anaijua tofauti hiyo: unauegemea upepo, unakatika, nawe unapepesuka.

Bawa huinyanyua ndege kwa kadiri ya mwendo wa hewa inayolipitia, si mwendo wa ndege juu ya ardhi. Tuseme ndege ya injini moja inakuja kutua kwa nodi 65 (nodi moja ni takribani kilomita 1.85 kwa saa), na dharuba ya nodi 10 iliyokuwa ikiipiga usoni inakatika. Kabla haijawahi kuongeza mwendo, bawa limebakiwa na nodi 55, na kwa kuwa nguvu ya kunyanyua hufuata mraba wa mwendo huo, zaidi ya robo ya nguvu imetoweka ndege ikiwa mita chache tu kutoka chini. Ndege kubwa inayokuja kwa nodi 140 ikipoteza nodi hizo hizo 10 hupungukiwa asilimia 14 hivi.

Kwa hiyo marubani wengi huongeza nusu ya tofauti: upepo ukiripotiwa nodi 15 zenye dharuba za 25, wao huongeza nodi 5. Nyongeza hiyo nayo ina gharama, kwani ndege huelea juu ya njia kabla ya kugusa chini. Katika kiwanja cha Songwe, Mbeya, kilicho zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kipimo cha mwendo wa hewa kikionyesha nodi zilezile, juu ya ardhi ndege hukimbia karibu asilimia 7 zaidi ya inavyokimbia Dar es Salaam.

Dharuba ya ubavuni huvizia hata baada ya magurudumu kugusa, wakati bawa bado limebeba sehemu ya uzito na matairi hayajashika vizuri: husukuma mkia, pua ikageukia upepo unakotoka, na bawa la upande huo likainuka. Ndiyo sababu rubani haachii usukani mpaka ndege isimame.