Saratani ya mlango wa kizazi: usisubiri iume

Ni ugonjwa gani huu?
Ni saratani ya sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi, pale unapofungukia ukeni. Karibu yote husababishwa na kirusi cha HPV, kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Wengi hukipata na mwili hukiondoa wenyewe. Kikigoma kutoka, huharibu seli polepole, mara nyingi kwa miaka 15 hadi 20.

Mimi siumwi popote. Nipime nini sasa?
Unapima kwa sababu huumwi. Mabadiliko ya mwanzo hayaumi wala hayawashi, na ndiyo yanayotibika kirahisi. Ukisubiri maumivu ya kiuno na harufu, mara nyingi ugonjwa umeshasambaa.

Natokwa na damu baada ya tendo la ndoa. Nikanunue dawa?
Hapana, dada. Wanawake wengi wanatufikia sisi wahudumu wa afya wakiwa wameshatibiwa "UTI sugu" mara kadhaa dukani, na hakuna aliyewahi kuwalaza kitandani akawaangalia mlango wa kizazi. Antibayotiki haitibu saratani. Njoo uangaliwe.

Nilishakoma hedhi, sasa imerudi.
Haijarudi. Ukimaliza mwaka mzima bila hedhi, damu itakayotoka baadaye si hedhi, hata iwe tone. Mama, usimsikilize shoga anayekupongeza kwamba bado kijana. Nenda hospitali wiki hii hii.

Na dawa za kusafisha kizazi?
Kizazi hakisafishwi. Wanaozitangaza mitandaoni wanakuuzia mimea ya kuchomeka ukeni, inakuunguza, na miezi inapita. Miezi hiyo ndiyo tunayoitaka sisi ili tukutibu mapema.

Mbona tunaokufa zaidi ni sisi?
Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2022 wanawake wapatao 350,000 walikufa kwa saratani hii, asilimia 94 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Uingereza mwanamke hutumiwa mwaliko wa kwenda kupima. Hapa Dar es Salaam mama lishe wa Buguruni akifunga biashara siku moja, watoto hawali. Na ndani ya jiji hili hili, wa Masaki ana bima na daktari wake. Wa Chanika anaunganisha daladala, kisha anakuta foleni. Wapo pia waliofokewa leba wakaapa kutorudi, na hilo ni deni letu wahudumu. Lengo la dunia ni kwamba ifikapo 2030, asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa kwa kipimo bora kabla ya miaka 35, na tena kabla ya 45.

Naishi na VVU.
Hatari yako ni kama mara sita ya asiye na VVU, na ugonjwa hukimbia zaidi. Ulizia kipimo hapo hapo CTC, kliniki unakochukulia dawa za VVU, usingoje kutajiwa.

Chanjo ya HPV itamfunga binti yangu uzazi?
Haifungi. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Akiwa mtu mzima, naye atapima.

Kipimo chenyewe kikoje?
Unalala, muuguzi anaingiza kifaa, anapaka siki nyepesi na kusubiri kama dakika moja. Palipobadilika huwa peupe. Majibu unapewa hapo hapo, na eneo dogo huweza kutibiwa siku hiyo hiyo kwa kugandishwa au kwa joto. Kizazi hakitolewi! Hofu hiyo inatukimbizia watu wengi.

Mume wangu hajaniruhusu.
Kupima hakuhitaji saini yake. Utamhitaji ukitibiwa, maana tendo la ndoa husimama kwa mwezi au zaidi kidogo, na heri alijue mapema.

Niende wapi, na lini?
Kama una miaka 30 hadi 50, anzia kituo cha afya cha karibu, au hospitali za Temeke, Amana na Mwananyamala. Taasisi ya Saratani Ocean Road nayo hupima. Chagua siku ambayo huna hedhi. Ila kama damu inatoka isivyo kawaida, usingoje ikauke ndipo uje. Njoo nayo.