Hiyo "mara moja moja" ni mara ngapi kwa wiki?

Ukimuuliza mtu kliniki anakula chakula cha haraka mara ngapi, jibu la kwanza huwa "mara moja moja tu". Endelea kumdodosa: jana usiku ulikula nini? Jumamosi je? Na siku mshahara ulipoingia? Mara moja moja inageuka kuwa tatu au nne kwa wiki. Hadanganyi. Chipsi mayai na mishikaki miwili ya kufungiwa kibandani saa mbili usiku, akila huku anatazama taarifa ya habari, kwake hiyo si kula nje.

Maafisa lishe tunang'ang'ania idadi hiyo kwa sababu. Mwaka 1985 na 1986, utafiti wa Marekani uitwao CARDIA ulianza kufuatilia vijana wa miaka 18 hadi 30 katika miji ya Birmingham, Chicago, Minneapolis na Oakland. Zaidi ya vijana 3,000 waliulizwa wanakula mara ngapi kwa wiki kwenye migahawa ya chakula cha haraka, na swali likarudiwa miaka ilivyosonga. Matokeo ya miaka 15 yalitolewa 2005. Waliokula zaidi ya mara 2 kwa wiki, mwanzoni na hata mwishoni, walikuwa wameongezeka kilo 4.5 zaidi ya wenzao waliokula chini ya mara 1. Ukinzani wa insulini, yaani mwili kutoitikia vizuri homoni inayodhibiti sukari kwenye damu, hali ambayo huitangulia kisukari cha aina ya pili, nao uliongezeka kwao maradufu kuliko kwa wenzao.

Gawanya kilo hizo kwa miaka 15: gramu 300 kwa mwaka. Nani atazistukia? Suruali inabana kidogo, fundi anaachia mshono, maisha yanaendelea.

Ni kweli, mla chipsi sana huenda pia hatembei, au hunywa soda badala ya maji. Watafiti waliyaingiza mambo ya namna hiyo kwenye hesabu zao, na tofauti ikabaki.

Wapo wanaodhani hiki ni chakula cha wasio na kitu. Takwimu za Marekani za 2013 hadi 2016 zinasema vingine: katika siku yoyote, watu wazima karibu 37 kati ya 100 walikula chakula cha haraka, na kadiri kipato kilivyopanda ndivyo walaji walivyoongezeka. Wenye miaka 20 hadi 39 walifika karibu 45 kati ya 100. Wa miaka 60 na zaidi, 24. Kwa hiyo kijana mwenye ajira yake ya kwanza ndiye wa kuulizwa zaidi, hata akiwa mwembamba.

Weka alama kwenye kalenda kila unapokula, kwa wiki nne, ukihesabu na ile ya kufungiwa. Zikizidi 2 kwa wiki, anza kwa kuondoa soda. Chupa ya mililita 350 ya kola ina sukari inayokaribia vijiko 9 vya chai. Kisha punguza siku. Mwakani, mwezi uleule, hesabu tena na upime uzito.