Je, wajua kwa nini karafuu nyingi za Zanzibar zinatoka Pemba?

Rutuba na mvua ya Pemba vina mchango wake. Lakini hadi mwanzoni mwa 1872 mashamba makubwa ya karafuu yalikuwa Unguja, na kilichogeuza mambo ni kimbunga cha tarehe 15 Aprili mwaka huo. Kiliipiga Unguja, kikavuka bahari hadi Bagamoyo, na sehemu kubwa ya Pemba ikasalimika.

Kisiwa kimoja kiliumia na jirani yake akapona kwa sababu ya umbo la kimbunga chenyewe. Upepo mkali kupita wote huwa kwenye duara linalozunguka kiini, na duara hilo laweza kuwa na upana wa makumi machache tu ya kilomita. Kati ya Unguja na Pemba kuna mkondo wa bahari wa kiasi cha kilomita 50. Kimbunga kidogo kikipita upande mmoja, upande wa pili hupata mvua na upepo wa kawaida wa dhoruba, si zaidi.

Mkarafuu nao hauhimili upepo wa namna hiyo. Ni mti mrefu, unabaki na majani mwaka mzima, na matawi yake hukatika upesi, jambo ambalo kila mchumaji analijua. Aprili ni masika: udongo umelowa, mizizi haina mshiko, na mti mzima hung'oka. Kupanda upya si kazi ya msimu mmoja, kwani mche huchukua miaka sita hivi kabla ya kutoa mavuno ya kwanza, na mingi zaidi kufikia uzazi wake kamili. Katika miaka hiyo karafuu za Unguja zilikuwa chache, bei ikapanda, na wenye mashamba wakazidisha kupanda Pemba.

Bandarini, Sultani Barghash alipoteza merikebu zake. Meli ya Glasgow, iliyozamishwa na mizinga ya Waingereza mwaka 1896 mbele ya Mji Mkongwe, ilikuwa imeundwa kujaza pengo hilo.

Mbona vimbunga havitufikii mara kwa mara? Kimbunga kinahitaji bahari yenye joto la nyuzi 26.5 au zaidi, nasi joto hilo tunalo. Tunachokosa ni nguvu ya kukizungusha. Nguvu hiyo hutokana na dunia kujizungusha, hupungua kadiri unavyoisogelea Ikweta, na kwenye Ikweta yenyewe haipo. Pemba iko nyuzi 5 kusini, Unguja nyuzi 6, kwa hiyo tuko pembezoni kabisa mwa eneo la hatari. Vimbunga vingi huzaliwa kusini zaidi, huelekea kusini, na vingi vinavyotoka mashariki huishia Madagaska.

Kuwa pembezoni si kuwa nje. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, nyuzi 8 kusini, na safari za boti kati ya Unguja na Dar es Salaam zikasitishwa. Dhoruba hupewa jina upepo wake ukifika kilomita 63 kwa saa, na huitwa kimbunga kamili kuanzia kilomita 118. Kwa hiyo Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitaja jina, chombo kisitoke bandarini hata kama anga bado ni safi. Hatari ni kubwa zaidi maji yakiwa ya bamvua, kwa kuwa bahari inayosukumwa na upepo hupanda juu ya maji yaliyokwisha kujaa.

La mwisho linaua watu kwa kutojua. Huku kwetu kusini mwa Ikweta kimbunga huzunguka kama mshale wa saa. Kikija kutoka mashariki, upepo wa kwanza huvuma kutoka kusini. Kiini kikifika juu yako, kunatulia ghafla, pengine hata jua linatokea. Usitoke kwenda kukagua paa wala ngalawa. Baada ya muda mfupi upepo hurudi kwa nguvu ileile kutoka kaskazini, na nyumba iliyolegezwa upande mmoja hupigwa upande wa pili. Subiri mpaka upepo huo wa pili nao upungue kidogo kidogo.